Maharage ya Watu 28

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya kazi niliyoifanya muhula huu katika chumba cha kompyuta. Wengi wenu mmeisikia habari hii kwa vipande vipande, na wengine mmeisikia vibaya. Kwa hiyo naona ni vema niisimulie mwenyewe tangu mwanzo hata mwisho, maana ilimgusa mtu asiye na kosa lolote.

Kwanza nawaelezeni wazazi ambao hamjapata kufika hapa. Shule yetu ipo Ugalla, katika Mkoa wa Katavi, katikati ya misitu ya miyombo. Anayekuja kwa gari moshi hupita Kaliua, akavuka mto Ugalla, kisha huelekea Mpanda kwa reli ile iliyojengwa zamani za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Wanafunzi wa bweni tuko 303, nasi tunakaa katika mabweni sita. Chumba chetu cha kompyuta ni kidogo, na mashine zake ni kuukuu, lakini umeme wa jua unazitosha.

Mwaka juzi alikuja mwalimu wa mazoezi kutoka chuo kikuu. Aliona daftari za mabweni na za stoo zimechakaa, akatutengenezea mfumo wa kuhesabu. Kompyuta moja iliyoko ofisini ndiyo inayofanya kazi yote. Hiyo huitwa seva. Kompyuta nyingine, kama ile iliyoko stoo, huuliza tu na kungoja jibu. Ni kama dirisha la jikoni kwetu. Mwanafunzi hupeleka sahani dirishani, akapewa chakula. Hajui ni nani aliyechochea moto, wala nani aliyechagua mawe katika maharage. Kazi zote hizo hufanyika nyuma ya dirisha. Nami nataka kusema habari za nyuma ya dirisha.

Mfumo huo umeandikwa kwa lugha ya Java. Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1995. Maneno ya mwandishi wa Java hayapelekwi moja kwa moja kwenye mashine, bali hugeuzwa kwanza yakawa maagizo mafupi yaitwayo baitikodi. Ndani ya kompyuta huwekwa mashine nyingine ya kufikirika tu, isiyo ya chuma, nayo ndiyo inayoyasoma maagizo hayo. Kwa njia hiyo programu moja huweza kukaa katika kompyuta za namna nyingi.

Mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ilitoa utaratibu wa kujenga kazi kubwa za seva kwa viungo vidogo vidogo, kila kiungo na kazi yake, ukaitwa Enterprise JavaBeans. Jina la Java lilitokana na kahawa, na viungo vile wakaviita punje zake. Lakini neno hilo la Kiingereza ndilo hilo hilo la maharage. Nilipolisoma nilicheka peke yangu, maana kazi niliyopewa nami ilikuwa ya maharage. Baadaye sikucheka.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Nchini mwetu hesabu za wagonjwa na chanjo kutoka vituo vya afya hukusanywa kwa mfumo uitwao DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameushughulikia kwa miaka mingi. Kule Eldoret, Kenya, ulianza kutumika mwaka 2006 mfumo wa kuandika habari za wagonjwa uitwao OpenMRS. Yote miwili imeandikwa kwa Java, na huo wa pili umejengwa ili mtu aweze kuongeza kiungo chake pasipo kuibomoa nyumba nzima.

Sasa narudi shuleni. Mfumo wetu ulikuwa na kiungo cha majina, kiungo cha vitanda, na kiungo cha stoo. Kiungo kilichokosekana ni cha posho, yaani cha kusema kila asubuhi ni kilo ngapi za unga na za maharage zitolewe kwa kila bweni. Hesabu hiyo Mzee wa Stoo aliifanya kwa mkono kila siku, akiwa na miwani yake na kipande cha penseli. Mwalimu wetu wa Kompyuta, ambaye pia hutufundisha Hesabu, akauliza darasani, "Nani ataweza kutengeneza kiungo hicho?" Mimi nikanyosha mkono.

Shida ilikuwa moja. Sikuijua Java. Lugha niliyoijua ni Python, ambayo nilijifunza wakati wa likizo kwa kitabu alichoniachia kaka yangu anayesoma Dodoma. Mwalimu akaniambia kwamba hilo si kizuizi. Ile mashine ya kufikirika, alisema, haioni Java hata kidogo. Inaona baitikodi tu. Mtu akiandika kwa lugha nyingine, na maneno yake yakageuzwa kuwa baitikodi, mashine itatii vilevile. Ndiyo maana zimezaliwa lugha nyingi za kukaa nyumba moja na Java. Iko Scala, iliyoanzia Lausanne, Uswisi, kwa Profesa Martin Odersky. Iko Groovy, iliyoanza mwaka 2003. Iko Kotlin, yenye jina la kisiwa kilicho karibu na mji wa St Petersburg, Urusi. Na iliyozitangulia hizo ni Jython, aliyoianza Jim Hugunin mwaka 1997, ili anayejua Python aingie katika nyumba ya Java na lugha yake mwenyewe.

Mwalimu alinifananishia na reli yetu. Behewa liwe la mbao au la chuma, liwe limetengenezwa Ulaya au Bara Hindi, garimoshi halijali, maadamu magurudumu yana upana wa mita 1 na ndoano zinashikana. Hali kadhalika seva haijali lugha ya kiungo, maadamu mkataba umetimizwa. Mkataba wa kiungo changu ulikuwa mfupi: seva itakupa idadi ya wanafunzi wa bweni na gramu za kila mmoja, nawe utarudisha kilo. Basi.

Siku ya Jumamosi Mwalimu alikwenda Mpanda mjini, akaichukua Jython kwa intaneti, akaileta katika flashi. Yeye akaandika mlango mwembamba wa Java, mistari michache tu, wa kupokea swali kutoka kwa seva na kulipitisha kwangu. Mimi nikaandika yaliyo ndani kwa Python yangu. Kazi ambayo ingalinichukua muhula mzima kama ningalianza kujifunza Java, niliimaliza kwa siku tano. Nakiri kwamba nilijiona mtu mkubwa.

Tulikijaribu. Nikaweka bweni la watu 50, gramu 120 za maharage kwa kila mmoja. Jibu likaja kilo 6. Nikaweka gramu 300 za unga kwa watu hao hao. Jibu kilo 15. Nikaweka watu 100, unga kilo 30. Yote yalikuwa sahihi. Mwalimu akanipa mkono. Jumatatu asubuhi mstarini Mkuu wa Shule alinitaja kwa jina, na shule nzima ikapiga makofi. Jioni ile karatasi ya kwanza ya posho ilitoka katika mashine, na Mzee wa Stoo akaweka penseli yake mfukoni.

Siku ya tatu manung'uniko yakaanza. Meza za mwisho za kila bweni zilikuta maharage yamebaki mchuzi. Wapishi wakasema, "Sisi tunapika tulichopewa." Macho yakageuka kwa Mzee wa Stoo. Mnajua jinsi wanafunzi tulivyo wakati wa njaa. Wengine walimpa jina baya ambalo sitaliandika hapa, wakawa wanalitamka anapopita. Wengine walisema wamemwona akipeleka gunia njia ya stesheni. Hapana aliyeona kitu. Lakini kila aliyesikia aliongeza neno lake.

Siku moja nilipokwenda stoo kuichukua karatasi ya zamani, nilimkuta amekaa juu ya gunia.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Njoo hapa. Wewe ndiwe uliyeitengeneza mashine hii. Niambie, mimi ninakosea wapi? Napima kama karatasi inavyosema, wala sipunguzi hata punje."

"Labda mzani, mzee."

"Mzani ni ule ule. Ila naona jambo moja. Zamani nilipopiga hesabu mwenyewe, mshale ulikuwa ukisimama katikati ya mistari. Siku hizi kila siku unasimama juu ya mstari. Kila bweni, kila siku, kilo nzima nzima. Hilo silielewi."

Wasomaji, mtu huyu hakupita shule ya sekondari, lakini alikuwa amekwisha kuniambia ugonjwa wote. Mimi sikumsikia. Nilimjibu neno ambalo mpaka leo linanichoma. Nilisema, "Mzee, mashine haikosei." Kisha nikaondoka.

Habari zikafika ofisini. Ikatangazwa kwamba Alhamisi kamati ya chakula itakaa, na Mzee wa Stoo ataitwa mbele yake kujieleza. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu.

Jumanne usiku, wakati wa kujisomea, nilikuwa nafanya mazoezi ya Hesabu ya desimali kwa ajili ya mtihani. Sijui ni nini kilichonisukuma, lakini nilipomaliza nilipiga hesabu ya bweni letu nyuma ya daftari. Tuko 47. Mara gramu 120, ni gramu 5,640. Gawanya kwa 1,000, ni kilo 5.64. Nikaitoa karatasi ya posho mfukoni. Bweni letu: kilo 5. Nikapiga bweni la pili, lenye watu 52: kilo 6.24. Karatasi: kilo 6. La tatu, watu 44: kilo 5.28. Karatasi: 5. La nne, watu 58: kilo 6.96, karibu kabisa na 7. Karatasi: 6. La tano, watu 49: kilo 5.88. Karatasi: 5. La sita, watu 53: kilo 6.36. Karatasi: 6. Kwa haki ilikuwa zitoke kilo 36.36. Zilikuwa zikitoka kilo 33. Tofauti ni kilo 3.36, na ukizigawa kwa gramu 120 unapata sahani 28. Kila jioni nilikuwa nimewanyang'anya maharage watu 28. Katika unga nilikuwa nimewanyima kilo 2.9.

Mwili ulinisisimka. Mara nikakumbuka mshale wa mzee.

Sasa nawaambieni lililonipitia moyoni, kwa kuwa niliahidi kutoficha. Nilijua ninaweza kuingia chumba cha kompyuta asubuhi, nikasahihisha kimya, na kesho jioni maharage yakatosha. Hapana ambaye angalijua. Lakini nikafikiri zaidi. Maharage yakitosha mara tu baada ya mzee kuitwa na kamati, watu watasemaje? Watasema, "Mnaona? Ameogopa, ameacha kuiba." Kusahihisha kwangu kimya kungalikuwa ndio ushahidi wa kumhukumu. Sikulala mpaka jogoo wa kwanza.

Alfajiri nilibisha hodi kwa Mwalimu. Nilimwonyesha daftari na karatasi. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kitabu chako kinafundisha Python gani?" Nikasema, ya tatu. Akashika kichwa.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye fundisho lenyewe. Python ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Mwishoni mwa mwaka 2008 ilitoka Python ya tatu, nayo ilibadili desturi kadhaa za ile ya pili. Mojawapo ni kugawanya. Katika Python ya tatu, 7 gawanya kwa 2 ni 3.5. Katika ya pili, ukigawa namba nzima kwa namba nzima, hupati ila namba nzima: 7 gawanya kwa 2 ni 3, na nusu inatupwa. Sasa Jython, hata toleo lake la 2.7 lililotoka mwaka 2015, inafuata Python ya pili. Mimi nilidhani nimeingia nyumba ya wageni na lugha ya kwetu. Kumbe lugha niliyokuwa nikiisema ndani mle ilikuwa ya kwetu kwa sura, lakini maana yake ilikuwa ya zamani.

Ni kama neno "bibi". Mtu wa hapa akisema, "Bibi yangu anapika," amemtaja mama wa mama yake au wa baba yake. Wakenya wengi wakisema hivyo hivyo, wamemtaja mke. Neno ni moja, wala hapana aliyekosea Kiswahili. Lakini mgeni asiyeuliza ataamkia shikamoo mahali pasipohusika. Kama ningalisema lugha ngeni kabisa, ningalikuwa na tahadhari. Java yenyewe hugawanya namba nzima kwa namna hiyo hiyo ya kutupa vipande, lakini kila anayejifunza Java huonywa mapema. Mimi sikuonywa, kwa sababu nilijiona mwenyeji.

Wala mkataba haukunisaidia. Mkataba ulitaka kilo, nami nilirudisha kilo. Seva ilifurahi, mlango ulifunguka, karatasi ikachapwa. Mkataba hauwezi kujua kama namba ni ya kweli. Na majaribio yangu yalikuwa ya kitoto, maana nilichagua watu 50 na 100, namba zinazogawanyika bila kubaki kitu. Hakuna bweni lolote shuleni kwetu lenye watu 50.

Mwalimu alinipeleka kwa Mkuu wa Shule. Nilisema yote. Mkuu wa Shule hakukasirika kama nilivyoogopa, aliuliza tu, "Utathibitishaje kwamba mzee hakuchukua?" Nikasema, "Tupime, Mwalimu." Tukaenda stoo, sisi watatu na Mzee wa Stoo mwenyewe. Siku karatasi ya kwanza ilipotoka, stoo ilikuwa na magunia 8 ya maharage, ya kilo 100 kila moja. Jioni 9 zilikuwa zimepita, na idadi yetu haikubadilika. Kilo 33 kwa jioni 9 ni kilo 297. Zilipaswa kubaki 503. Tulipima gunia kwa gunia. Mzani ulitoa 503, pungufu ya nusu kilo, na nusu kilo hiyo mzee alituonyesha sakafuni, palipotoboka panya. Kama jikoni wangalipewa haki yao, zingalibaki kilo 473 hivi. Kilo 30 tulizodai zimeibwa zilikuwa zimelala mbele yetu.

Mzee hakusema neno. Aliketi juu ya gunia lile lile, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akasema, "Inuka mwanangu. Mimi nilikuambia habari ya mshale."

Alhamisi kamati haikukaa. Badala yake nilisimama mstarini, mahali pale pale nilipopigiwa makofi, nikaeleza kosa langu kwa sauti, nikataja hesabu bweni kwa bweni. Hapana aliyepiga makofi. Lakini baada ya mstari niliwaona wale waliokuwa wakimtukana mzee wanaelekea stoo mmoja mmoja, vichwa chini. Mkuu wa Shule akaamuru kilo 30 zile zigawanywe jioni zilizofuata juu ya posho ya kawaida.

Kusahihisha kwenyewe kulikuwa jambo la dakika moja. Mahali nilipoandika 1000 niliandika 1000.0, yaani niliongeza nukta na sifuri, ili Jython ijue kwamba nataka vipande pia. Herufi mbili tu.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Mwalimu alinipa swali jingine. "Novemba utafanya mtihani wako uondoke. Mwakani kiungo hiki kikiharibika, nani atakisoma?" Nikatafuta jibu, nisipate. Mfumo wote ni wa Java. Kitabu cha programu kilichomo maktabani kwetu ni cha Java. Python ya pili yenyewe waliacha kuitunza tangu tarehe 1 Januari 2020. Kiungo changu kilikuwa kizima, lakini hapana mtu mwingine shuleni aliyekielewa.

Nilimkumbuka baba. Baba ni mrina asali, na mizinga yake mingi ni ya magome ya miti. Nyuki haulizi mzinga umetengenezwa kwa gome, gogo, au mbao za fundi. Akiukuta mkavu na salama huingia, na asali huwa ile ile. Lakini mrina anauliza. Mzinga wa gogo hufunguliwa mwisho wake, wa sanduku hufunguliwa juu, na wa gome una namna yake. Ukitundika mtini mzinga ambao wewe peke yako unajua kuufungua, nyuki watakaa, asali itajaa, na siku usipokuwapo atakayekwenda usiku na moshi wake ataumwa. Baba huwaonyesha wadogo zangu kila mzinga mpya kabla hajaupandisha. Nilikuwa nimeona hayo tangu utotoni, nisijue kwamba yanahusu kompyuta.

Basi nilikubali, ingawa moyo uliniuma. Tulichagua wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili, nami nikaanza kujifunza Java pamoja nao. Jumamosi tatu tulikiandika kiungo upya kwa lugha ya mfumo mzima. Safari hii tulikijaribu kwa namba chafu: 47, 53, 1, hata 0. Kila jibu tulilipiga kwanza kwa mkono, na Mzee wa Stoo alikaa pamoja nasi na penseli yake. Juu ya kila fungu la maagizo tuliandika kwa Kiswahili kile kinachofanyika, ili atakayekuja asikisie. Kiungo changu cha Jython kimeondolewa. Nimekihifadhi katika flashi, kwa ukumbusho tu.

Sisemi kwamba ni vibaya kutumia lugha nyingine katika nyumba ya Java. Bila Jython nisingalithubutu hata kunyosha mkono, na pengine mpaka leo hesabu ya posho ingalikuwa ya penseli. Watu wengi duniani hujenga kazi kubwa kwa Scala na Kotlin, nazo zinasimama. Ninalosema ni hili: mashine itakubali lugha yoyote utakayoileta, kwa hiyo kukubali kwake si ushahidi wa kitu. Uliza kwanza lugha hiyo inagawanyaje, na nani ataisoma utakapoondoka. Na mtu aliyeshika mzani akikuambia kwamba mshale unasimama mahali pasipo pake, msikilize kabla hujamjibu.

Muhula unakwisha, na sisi wa Kidato cha Nne tunajiandaa kwa mtihani. Jana jioni nilipita stoo kuaga. Mzee alikuwa anapima maharage ya bweni letu. Alinionyesha kwa kidole: kilo 5, na mshale umepita mstari wa nusu kidogo. Akacheka, nami nikacheka.